Huruma Ilipohamia Mtaani

Wengi wetu tuliolelewa katika parokia za Tanzania tulikariri matendo ya huruma mbele ya katekista kabla mikono yetu haijayajua. Kulisha wenye njaa, kutazama wagonjwa, kuzika wafu: tuliyataja bila kukosea, lakini aliyeyatenda alikuwa misheni. Misheni ilikuwa na zahanati, shule na masista; muumini alikuwa na Misa, kitubio na zaka. Imani ile haikuwa ya uongo. Ila utaratibu wake ulimruhusu mtu ajione anampenda Mungu bila kubisha hodi kwa jirani.

Mabadiliko yalianzia kwenye hoja. Oktoba 1970, Mwalimu Nyerere aliwaeleza masista wa Maryknoll, New York, kwamba Kanisa lisiposimama kupinga mifumo inayowafunga watu katika umaskini, litapoteza maana yake kwao. Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, wakikutana Nairobi, waliona maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogondogo, na mwaka 1976 wakalifanya hilo kipaumbele. Katika jumuiya hizo, nyumba chache zinazojuana husoma Injili, kisha huulizana: wiki hii twende kwa nani? Swali hilo hudai jina la mtu.

Majina yalikuja mengi kuliko yeyote alivyotarajia. UKIMWI ulitambuliwa Kagera mwaka 1983, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Katika miaka ile ishirini, upendo ulikuwa kukoroga uji mwepesi ambao koo lenye vidonda lingeweza kuumeza, kufua shuka mara tatu kwa siku, kumgeuza mgonjwa ili mgongo usichubuke, kupalilia migomba ya mjane. Wapo waliokwepa hata kikombe cha mgonjwa. Waliokwenda, mara nyingi walisali rozari palepale kando ya mkeka, beseni likiwa bado na maji.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mkazo huu wa kumhudumia jirani umemwondoa Mungu na kuacha ustawi wa jamii. Barua ya kwanza ya Yohana haimweki ndugu mahali pa Mungu; inamfanya kipimo, kwa kuwa yeye anaonekana. Wengine wana hofu ya kinyume chake, kwamba jirani anageuzwa ngazi ya kupandia mbinguni. Hofu hiyo naiheshimu zaidi. Lakini katika Mathayo 25 waliosifiwa wanashangaa: hawakujua waliyekuwa wakimhudumia. Walimwona mwenye njaa, wakampa chakula kwa sababu ana njaa.

Pingamizi linalonisumbua kweli linatoka ndani. Mahali pengi jumuiya imekuwa mkono wa kukusanya michango, na mahali pa kutafutia barua ili mtoto abatizwe. Asiye na fedha huona aibu, hufunga mlango Jumamosi asubuhi jumuiya inapokutana. Na jirani Mlutheri au Mwislamu hatajwi kabisa, ingawa Msamaria wa Injili hakuuliza dini ya aliyelala njiani. Siwezi kusema kosa hili ni dogo, maana linaturudisha kulekule tulikotoka: tunachanga, kisha anatumwa mwingine. Daftari la mwenyekiti lina safu ya jina, ya mchango na ya deni. Mgonjwa naye anahitaji safu yake, na mbele ya jina lake siku tutakayokwenda.