Moto wa Mashine

Mashine za boti nilizozikuta Kilindoni, Mafia, nikiwa mtoto miaka ya 1980, zilizimika mara kwa mara, lakini hazikuwa na siri. Chini ya gurudumu la sumaku, lile linalozungushwa kwa kamba, kulikuwa na pointi: vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili koili ipeleke moto kwenye plagi. Unyevu wa chumvi ukivifikia, vinafanya ukungu na mashine inakaa kimya. Mjomba wangu, nahodha wa boti ya kwenda Nyamisati, upande wa bara, aliweka msasa na geji ndani ya kopo la maziwa ya unga. Aliupitisha msasa kwenye tundu la gurudumu, akasugua, akapima nafasi isizidi nusu milimita, akapangusa kwa kitambaa kikavu. Abiria wanatapika, kusi inatuyumbisha, yeye hainui uso.

Kabla ya hapo alihakikisha kwanza kama moto upo. Alifungua plagi, akairudisha kwenye kofia yake, akaiegemeza kwenye chuma cha mashine na kujifunika kikoi apate giza, nami nikavuta kamba. Cheche ikiwa ya bluu, katafute ubovu kwenye petroli. Ikiwa nyekundu na dhaifu, au hakuna kitu, umeme ndio mgonjwa.

Kisha zikaingia mashine za CDI. Hazina pointi. Sumaku inapopita kwenye koili, umeme wa mamia ya volti unahifadhiwa ndani ya kiboksi kilichojazwa gundi ngumu. Koili nyingine ndogo inatoa amri, umeme unaachiwa, plagi inapiga. Kwa kweli zilizimika mara chache zaidi. Ila siku kiboksi kilipokufa, mjomba alikigeuzageuza mkononi na kuniambia, “Mpwa wangu, hili halina mlango.”

Tabia za zamani nazo ziliviua viboksi vingi. Kulikuwa na mabaharia waliozoea kupima moto kwa kuuacha waya wa plagi uning’inie hewani, waone cheche inaruka mbali kiasi gani. Pointi zilivumilia mchezo huo. CDI inaweza kuungua, kwa sababu ule umeme mkubwa ukikosa njia ya kutokea hurudi kuumiza vilivyomo ndani.

Hata hivyo, sikubaliani na mafundi wanaolaumu kiboksi kabla hawajafungua kifuniko. Viboksi kadhaa nilivyoona vikihukumiwa kifo vilikuwa vizima. Mgonjwa alikuwa swichi ya kuzimia. Swichi hiyo inazima mashine kwa kuupeleka umeme kwenye chuma, na chumvi ikijaa ndani yake inafanya kazi hiyohiyo bila kuguswa. Kwenye Yamaha waya wake ni mweupe. Uchomoe, vuta kamba. Moto ukirudi, pesa ya kiboksi imebaki mfukoni. Usiporudi, kagua waya mweusi wa kwenye bodi, na kila kiungio chenye kutu ya kijani.

Leo baadhi ya boti zinazowapeleka wageni kuwatazama papa potwe zinatumia mashine za foro stroki, zenye betri, pampu ya petroli ya umeme na kompyuta. Zinanguruma kwa upole na hazimwagi moshi. Lakini mashine ya zamani ilijizalishia moto wake kwa kuvutwa kamba tu, wakati hii mpya, betri ikiwa chini au nati ya terminali ikiwa imelegea, inaweza kukataa kabisa ingawa haina ubovu wowote. Na ole wake anayechomoa betri mashine ikiwa inaunguruma: regyuleta inaweza kuungua. Ubovu mwingine unasubiri fundi avuke na kompyuta yake kutoka Dar es Salaam. Msasa wa mjomba hauna kazi hapo, ila maji baridi ya kuoshea, grisi kwenye terminali na macho ya kukagua waya bado vinaokoa safari nyingi.

Ninalowaomba manahodha ni moja. Wapo waliouchomoa ule waya mweupe wakafurahi mashine kuwaka, wasiurudishe tena. Nunueni swichi mpya, urudisheni waya, na kikamba chekundu cha swichi hiyo kifungwe mkononi. Nahodha akitupwa majini, hicho ndicho kinachozima mashine kabla boti haijageuka na kumrudia na propela.