Kuujua Ugonjwa na Kujilinda Nao

Nimefundisha miaka mingi, nami naona jambo moja ambalo yafaa walimu na wazazi tulifikiri pamoja. Jambo lenyewe ni hili: kijana aweza kuujua ugonjwa vizuri sana darasani, wala asijue namna ya kujilinda nao.

Kazi yangu iko Usukumani, katika nchi ya mpunga na malambo. Maji yale ndiyo uhai wetu, na ndani yake hukaa konokono wa kichocho. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya mnyoo huanguliwa, na vijidudu vyake humwingia konokono, vikaongezeka humo. Kisha hutoka, vikapenya ngozi ya mtu aliyemo majini. Daktari Theodor Bilharz aliugundua mnyoo huo mjini Cairo mwaka 1851. Basi si siri tena. Wanafunzi huuchora mzunguko huo wote ubaoni bila kukosa. Lakini jua la saa saba likiwaka, wachoraji hao hao huvua nguo wakajitupa lamboni.

Siku moja niliuliza darasani, "Mtu akiona damu katika mkojo wake, atamwambia nani?" Wote walinyamaza. Mwishowe mvulana mmoja akajibu, "Atangoja ikome." Jibu hilo lilinihuzunisha, kwa kuwa damu yaweza kukoma kwa muda, na huku mnyoo wazidi kukiharibu kibofu, hata mwishowe kukiletea saratani.

Elimu ya afya, basi, si kukariri tu. Ni kuweza kuzipata habari, kuzifahamu, kuzipima, na kuzitumia siku ya haja. Mambo gani huijenga au kuibomoa kwa kijana?

La kwanza ni lugha. Katika shule za msingi za serikali mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili. Akifika sekondari huisoma kwa Kiingereza. Yule aliyejifunza jina refu la kigeni kwa ajili ya mtihani huenda asitambue kwamba ndilo lile lile kichocho analolisikia nyumbani kwa bibi yake.

La pili ni imani juu ya wale wanaoleta habari. Mwaka 2008, katika mkoa wa Morogoro, watoto waligawiwa shuleni dawa ya kichocho, prazikwanteli. Dawa hiyo ni njema, lakini yaweza kuleta kichefuchefu na maumivu ya tumbo, hasa kwa mwenye njaa. Watoto walipougua, uvumi ulienea kwamba wamelishwa sumu, wazazi wakakimbilia shuleni, na ghasia ikatokea. Naona fundisho hapo: habari ya kichefuchefu ikitangulia kidonge, ni elimu; ikichelewa, nafasi yake hushikwa na uvumi. Na siku hizi uvumi husafiri kwa simu, wala haungoji mtu.

La tatu ni aibu, nayo huwaumiza wasichana zaidi. Kichocho cha mkojo chaweza kuingia katika viungo vya uzazi vya mwanamke, kikaleta vidonda, damu na maumivu. Msichana mwenye dalili hizo hufikiriwa kuwa ana ugonjwa wa zinaa, hata kama chanzo ni maji aliyoyachota kwa ajili ya mama yake. Basi hunyamaza. Wazee walisema, mficha uchi hazai. Na hapa maneno hayo ni kweli kabisa, maana ugonjwa huo usipotibiwa waweza kumnyima mtoto.

La nne ni mali na mahali. Tukimwambia kijana asiingie lamboni, na kijijini hapana bomba wala choo, tumempa amri asiyoweza kuitii. Dawa nayo huwaua minyoo waliokwisha kukomaa, haimkingi mtu asiambukizwe tena kesho yake. Kwa hiyo maarifa ya mtoto hayafiki mbali bila juhudi ya wakubwa.

Walimu wenzangu, tusitosheke na picha nzuri ya konokono. Tuulize pia: utamwambia nani, utakwenda wapi, utasema maneno gani? Tuwafundishe wayatamke maneno hayo kwa Kiswahili safi, bila kuona haya, wavulana kwa wasichana. Nanyi wazazi, mtoto akija kuwaambia habari ya mkojo wake, msimkemee wala msimcheke. Huenda imemchukua wiki nzima kupata ushujaa wa kusema, na mkimfukuza mara moja hatarudi tena. Msikilizeni, kisha mpelekeni zahanati.