Mama wa Kambo Aliyejifunza Kwaito kwa Siku 10 Kabla ya Sendofu

Kwenye harusi zetu kuna dakika moja isiyo na pa kujificha. DJ anaweka kwaito, vijana wanapiga kelele, wamama wa kamati wanaacha soda zao mezani, hata mjomba aliyekuwa anasinzia anasimama. Wanapanga mistari. Hatua kulia, hatua kushoto, rudi nyuma, geuka. Ukumbi mzima unaangalia upande mmoja kama gwaride. Wewe uliyebaki kwenye kiti unaonekana vizuri kabisa, maana viti vyote vya jirani viko wazi.

Mama mmoja wa Lusu, wilayani Nzega, aliijua dakika hiyo kuliko anavyopenda kukumbuka. Aliolewa na mwanaume aliyefiwa na mke akiwa na mabinti wawili. Mkubwa alikuwa na miaka 8, mdogo hata 3 hajafikisha. Akawalea, na baadaye akajaliwa wawili wa kwake. Ada za shule zilitoka kwenye mpunga na karanga, na mwaka ambao mvua iligoma, zilitoka kwenye kitenge chake kimoja baada ya kingine.

Mkubwa alipoolewa, sendofu ilifana. Ikafika zamu ya ukoo wa bibi harusi kupeleka zawadi. Mashangazi wakaenda wakiserebuka, masinia kichwani, vigelegele juu. Mama naye akaenda, ila alitembea tu kama mtu anayepeleka barua ofisini. Akakabidhi, akarudi, akakaa. Kwaito ilipopigwa, hakunyanyuka.

Kesho yake maneno yalishafika kisimani: "Angekuwa amemzaa, angekaa vile?"

Jamani, harusi ina mambo. Mchango una daftari lake: jina lako, ulichoahidi, ulichotoa, kinachobaki. Furaha haina daftari, kwa hiyo watu wanaitafuta kwenye miguu. Ni hesabu ya kijinga, maana kuna anayecheza mpaka viatu vinakatika na hajawahi kumnunulia huyo mtoto hata daftari. Lakini ndiyo hesabu inayopigwa, na mama wa kambo anahesabiwa mara mbili.

Ukweli ni kwamba mama huyu hakujua kucheza. Kwao walikuwa wameokoka, na baba yake alikuwa wa msimamo mkali. Kwa mtoto wa upande huu, hilo si jambo dogo. Huku kuna manyanga, na kwa jirani zao Wasukuma kuna bugobogobo ambayo watu wanacheza na majembe mikononi, tena kuna Wagika na Wagalu wanaoshindana kwa ngoma baada ya mavuno. Yeye ngoma alizisikia kwa mbali, akiwa ndani, taa imezimwa. Akafika utu uzima akiwa na aibu ya mwili wake mwenyewe, na aibu hiyo watu wakaiita roho mbaya.

Miaka ikapita, ikafika zamu ya mdogo. Yule ambaye hakumjua mama mwingine. Siku 10 kabla ya sendofu, sare imeshatoka kwa fundi, mama akamwita kitindamimba wake wa darasa la sita nyuma ya jiko, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nifundishe hiyo kwaito yenu. Na usimwambie mtu."

Siku ya kwanza ilikuwa vichekesho. Mama alikuwa anaangalia miguu yake, basi kila mtoto akigeuka, yeye alikuwa bado anahesabu. Mtoto akisema kulia, mama anaenda kushoto kwa sababu wametazamana. Siku ya pili mtoto akapata akili: akampa mgongo, akamwambia amfuate nyuma. Kidogo ikaanza kueleweka. Siku ya tatu mama akataka kuacha. Magoti yanauma, na kuku wanamshangaa.

Kilichomwokoa ni kinu. Jioni hiyo alikuwa anatwanga na jirani, michi miwili kwenye kinu kimoja, huyu akipandisha yule anashusha. Ukikosea wakati, michi inagongana. Mtoto akasimama akaangalia, halafu akasema, "Mama, si ndiyo hiyo hiyo? Ngoma ikisema *du*, wewe shusha." Usiku ule mama hakuhesabu tena. Alisikiliza mdundo wa chini, akashusha mguu kama anavyoshusha mchi.

Mwenye nyumba alishajua zamani kinachoendelea nyuma ya jiko, alinyamaza tu. Siku ndugu yake mmoja alipokuja na kulalamika kwamba siku hizi harusi zimejaa ngoma za Sauzi, mzee alimjibu vizuri. Kweli, kwaito ni ya Wasauzi, ilianzia Johannesburg miaka ya 1990. Lakini Tabora ni njia ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu, na njia waliyokwenda nayo ndiyo walirudi nayo, wakiwa na nguo, maneno na nyimbo. Baadaye beni ikapanda kutoka pwani, watu wakicheza kwa mistari na kuiga gwaride la askari. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mambo ndiyo yakazidi. Na huku nako kulitoka vya kupeleka: Western Jazz, iliyotikisa Dar es Salaam kwa mtindo wa saboso, ilianzishwa mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega. "Sasa wewe," akamwuliza ndugu yake, "hayo magitaa babu yako aliyachonga?"

Mtoto alikuwa na somo moja la mwisho, na hili kila anayeanza alichukue. Kwenye kwaito usikae mstari wa mbele, utaonekana. Usikae nyuma pia, ukidhani umejificha, kwa sababu watu wakigeuka mara mbili, mstari wa nyuma ndio unakuwa wa mbele, na hapo huna wa kumwangalia. Kaa katikati. Popote mtakapogeukia, kuna mgongo wa mtu mbele yako.

Sendofu ikafanyika Nzega mjini. MC akaita ukoo wa bibi harusi, DJ akaachia kwaito. Mama akasimama, akaingia katikati. Mzunguko wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu akageuka upande wa pili peke yake, akajikuta uso kwa uso na wifi yake mkubwa, yule yule ambaye maneno ya kisimani yalianzia kwake.

Wifi akamshika mabega, akamgeuza, wakaendelea. Wote wawili walikuwa wanacheka.

Pembeni alikaa bibi mmoja mzee, mama mzazi wa yule marehemu. Alikuwa hajacheka wala kupiga makofi tangu shughuli ianze. Akainuka taratibu kwa fimbo yake, akapita kati ya mistari, watu wakampisha. Akavua khanga aliyojitanda mabegani, akamfunga mama kiunoni, akakaza fundo. Hakusema kitu. Vigelegele vilivyopigwa hapo vilifunika muziki. Kule jukwaani bibi harusi, aliyetakiwa kutulia na kuinamisha macho, alikuwa amesimama wima, wapambe wanahangaika na vipodozi vyake.

Ulipofika wakati wa zawadi, mama alikwenda na beseni la vyombo kichwani. Hakuwa fundi. Aliyekuwa hamjui angeona mama wa makamo anayetingisha mabega kwa kuchelewa kidogo. Ila alikwenda akicheza mpaka mbele, akatua beseni, na binti akamkumbatia kwa muda mrefu hadi MC akaomba ratiba iendelee.

Kwaito ilipopigwa tena usiku, hakungoja kuitwa, na wifi alishamwekea nafasi katikati. Ilipoingia singeli, mama akarudi kwenye kiti chake, khanga bado iko kiunoni, akaagiza soda. Hiyo, alisema, waachiwe watoto.