Dini ya Mtoto: Malezi au Kasumba?

Katika nyumba za askari, mara nyingi ukuta mmoja tu hutenga jamaa ya Kiislamu na jamaa ya Kikristo. Upande huu mtoto asoma juzuu, upande ule mwenzake akariri katekisimu, jioni hucheza pamoja, na wakirudi ndani huja na swali: "Baba, kwa nini sisi ni hivi na wao ni vile?"

Wapo wasemao kwamba kumfundisha mtoto dini kabla hajaweza kupima mambo ni kumtia kasumba. Yafaa aachwe hadi utu uzima, ndipo achague. Shauri hilo lapendeza kulisikia, ila mtoto hangoji. Lugha hupewa bila kuulizwa, na adabu vilevile. Hata nyumba isiyosali humfundisha kitu kila siku.

Lakini wazazi wasijipongeze upesi. Mwaka 1886, huko Namugongo, Kabaka Mwanga wa Buganda aliwachoma moto vijana waliokataa kuukana Ukristo. Wengi wao hawakuirithi dini hiyo kwa baba zao, kwani wamisionari wa kwanza, Waingereza, walifika mwaka 1877, na Wafaransa mwaka 1879. Kizito, mwenye umri wa miaka kama 14, alibatizwa na Karoli Lwanga siku chache tu kabla ya kifo. Mbaga Tuzinde alikuwa mtoto wa kulelewa wa Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka mwenyewe. Mlezi huyo alimsihi akane, akawa tayari hata kumficha, kijana akakataa. Kwa huruma, Mukajanga akaagiza apigwe shingoni kwanza, asije akaungua akiwa hai. Waislamu nao wana mashahidi wao, waliouawa kwa amri ya Kabaka Mutesa miaka kama kumi kabla ya hao.

Waheshimiwao kila tarehe 3 Juni, basi, ni vijana waliochagua dini wasiyozaliwa nayo, na pengine kinyume cha wazee wao. Wajukuu wa ndugu zao leo hubatizwa wakiwa wachanga. Hilo si kosa. Kasumba huanza pale swali la mtoto linapojibiwa kwa kofi, au anapoambiwa kwamba jirani aliyempikia uji jana ni mtu wa motoni. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, wampa mzazi haki ya kumwongoza mtoto katika dini, lakini kwa kadiri akili ya mtoto inavyokua. Wa miaka sita hushikwa mkono. Wa miaka kumi na sita husikilizwa, hata asemalo likichoma.

Mzazi amfukuzaye binti yake kwa sababu ameanza kusali kwingine, kisha mwezi Juni akafunga safari ya Namugongo, ana deni la kumweleza binti huyo anakwenda kumheshimu nani.