Ulimi na Tundu

Mke wangu huamka usiku akitafuta dawa na miwani gizani, kwa hiyo ninamtengenezea kikabati cha mninga cha kukaa kando ya kitanda. Misumari situmii: mbao hutanuka masika na kusinyaa kiangazi, na msumari hulegea. Ulimi nauchonga theluthi ya unene wa ubao. Mstari nauchora kwa kisu, vidole viusome pale macho yanaposhindwa. Ulimi ukihitaji nyundo, utapasua ubao. Ukiingia wenyewe, umepwaya. Uingie kwa kusukumwa na kiganja. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwaambia wanachuo jambo hilohilo juu ya mtoto mzito wa kuelewa. Sina haraka. Natamani kikabati hiki kituzidi umri sote wawili.