Lukaya Niliomba Nirudi Nyumbani

Nayaandika haya kwa ajili ya mama ambaye mwanawe yuko vitani leo, na kwa kijana aliyerudi salama lakini hapati usingizi. Mimi nilikuwa kijana huyo. Mwenyezi Mungu amenivusha, nina wajukuu, nakula na nashiba. Lakini sikufichi: radi ikipiga usiku, moyo wangu bado unashtuka kabla akili haijaniambia kwamba ni mvua.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera. Nilikuwa kijijini Kondoa, nalima mtama na kushika zamu za mgambo. Tarehe 2 Novemba tuliizunguka redio ya mwenyekiti wa kijiji tukamsikiliza Mwalimu Nyerere akisema kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Wazee wakapiga makofi. Mama yangu hakupiga. Alinitazama, akaingia ndani.

Haukupita muda mrefu tukaitwa. Baba alichinja mbuzi, maalim akasoma Yasini, mama akanifungia karanga kwenye kitambaa. Mke wangu alikuwa mjamzito. Aliniambia neno moja tu: "Rudi." Hakuna aliyeniuliza kama niko tayari kufa, nami sikujiuliza. Kwa umri wangu wakati ule, kifo kilikuwa cha watu wengine.

Baada ya mafunzo tulipanda treni hadi Mwanza, kisha meli hadi Bukoba. Tulipofika Kyaka, daraja la Mto Kagera lilikuwa limevunjwa na adui. Tukavukia daraja la muda. Ng'ambo nikaona nyumba zisizo na paa, migomba iliyoungua, kiwanda cha sukari kilichoporwa. Mzee mmoja wa Kihaya alikuwa ameketi pale palipokuwa na mlango wa nyumba yake. Tulipompita alitushika mkono mmoja mmoja, haongei kitu. Tangu pale sikuhitaji mtu wa kunieleza tumefuata nini.

Tukaingia Uganda. Masaka ilianguka tarehe 24 Februari 1979. Tukasonga mbele kufuata barabara ya Kampala mpaka Lukaya, mji mdogo ulio kando ya barabara. Mbele yake barabara inakatiza bwawa kubwa la mafunjo. Wengi katika brigedi yetu, ya 201, tulikuwa mgambo. Tulijua kuchimba handaki na kulenga shabaha. Vita vyenyewe wengi wetu tulikuwa hatujaviona.

Rafiki yangu alikuwa Mngoni kutoka Songea, Mkatoliki, mcheshi. Tulikula sahani moja na kulala handaki moja. Yeye akisali rozari yake, mimi namshikia bunduki. Mimi nikiswali, yeye ananishikia yangu.

Tarehe 10 Machi wakaja. Kanali Gaddafi alikuwa amemletea Amin askari kutoka Libya, na silaha nzito pamoja nao.

Makombora yalianza.

Mlio ule siwezi kuueleza. Yalipita juu ya vichwa vyetu yakaangukia nyuma. Hayakutupiga. Lakini mlio ulitosha. Mstari wetu ulikatika. Watu wakakimbia huku na kule. Mngoni akanivuta. Tukaingia bwawani.

Maji yalifika kifuani. Giza. Sikumwona. Nilimsikia akihema. Nikamwita. Akaniambia, "Nimepigwa." Nikapapasa. Mkono wangu ukaingia kwenye joto la damu. Sikuwa na kitambaa. Nikavua shati. Nikafunga. Damu haikukata.

Nikamwegemeza begani kwangu. Alianza Salamu Maria. Hakuifikisha mwisho. Akaanza tena. Mimi nasema kalima. Tukaendelea hivyo, kila mtu kwa yake, kwa sauti ya chini, maana adui alikuwa barabarani. Tulisikia magari yao. Tulisikia wakiitana.

Kisha nikabaki nasema peke yangu.

Sikumwachia. Niliogopa maji yatamchukua. Niliogopa zaidi kubaki peke yangu. Usiku kucha nilikuwa na dua moja: "Ya Rabbi, nirudishe kwa mama." Sikuomba ushindi. Bendera haikunijia akilini hata mara moja. Nilitaka kuishi. Nilitaka kuona mtoto wangu atafanana na nani. Nakuambia hivi kwa sababu huenda na wewe umelala mahali ukatetemeka, ukadhani wenzako wote ni majasiri. Nilikuwa katikati yao. Nilisikia watu wazima wakiwaita mama zao.

Kesho yake, tarehe 11, brigedi ya 208 iliyokuwa imezungushwa mbali ikatokea upande wa Kampala na kumkata adui njia. Sisi tuliokuwa bwawani tukakusanywa, tukapangwa upya, tukapigana hadi adui akashindwa. Sikumbuki sana. Ninachokumbuka ni barabara baadaye. Miili ilikuwa mingi. Kando ya lori moja alilala kijana wa Kilibya, rika langu, tasbihi imezunguka kiganja chake. Shahada yake ndiyo shahada yangu. Baadaye tuliambiwa kwamba miongoni mwao walikuwemo wanamgambo kama sisi, na kwamba wengine waliambiwa wanakuja kwenye mazoezi tu. Nimemfikiria kijana yule miaka yote hii. Mimi niliona nyumba za Kyaka kwa macho yangu. Yeye alionyeshwa nini?

Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Nikarudi Kondoa nikiwa mzima wa viungo. Mwanangu alikuwa ameshazaliwa. Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18, lakini dhiki ilizidi hapo. Sabuni ilikuwa shida, sukari shida. Hayo yalitupata sote. Yangu peke yangu yalikuwa ya usiku. Niliamka nikipapasa godoro nikitafuta damu. Mvua ikinyesha, nilijikunja chini ya kitanda. Mtoto akilia, nilitoka nje nikakaa mpaka alfajiri.

Mke wangu hakunicheka, wala hakuniambia nisahau. Alikuja akaketi nami chini, mtoto mgongoni. Baba alimwita maalim, naye akawa ananifuata kila Alhamisi tunasoma pamoja. Mama ndiye aliyesema siku moja, "Huyo rafiki yako ana mama. Nenda ukamwone." Baba akauza ng'ombe nikapata nauli.

Nilifika Songea natetemeka kuliko nilivyotetemeka Lukaya. Mama yule alishapata taarifa. Alinikaribisha, akanipa maji, akasubiri niyanywe. Kisha akauliza jambo moja: "Alikuwa peke yake?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Nilikuwa nimemshika. Alikuwa anasali."

Alilia sana. Nami nikalia, kwa mara ya kwanza tangu vita. Akasonga ugali, akaniita mwanangu, na mpaka alipofariki nilimwita mama. Usiku ule nililala kwake hadi jua likatoka. Sisemi nilipona siku hiyo. Ila kuanzia hapo nilijua kwamba usingizi unaweza kurudi.

Tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu wa kulinda amani waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini, huko Kongo. Jirani yangu ana mwana jeshini. Alikuja kwangu akauliza, "Mzee, hivi kweli mtu afe kwa ajili ya nchi?" Siku ile nilimshika tu mkono. Jibu langu nimelipata polepole, na ndilo hili.

Usimtake mwanao apende kufa. Niliyemshika bwawani hakupenda kufa, na hakuna aliyempita kwa wema. Nchi inaweza kumwomba mtu asimame mbele ya mlango wa mzee wa Kyaka wakati adui anaingia, hata kama kusimama huko kutamgharimu uhai. Mimi niliombwa hivyo, na ningeitwa tena katika umri ule ningekwenda, kwa hofu ileile. Lakini anayeombwa kitu kikubwa hivyo aambiwe ukweli wa kinachomtoa nyumbani. Kijana mwenye tasbihi alistahili hilo. Akifa, mama yake asiachwe na karatasi ya taarifa tu. Akirudi na vita kichwani mwake, asionewe haya na atibiwe. Nchi isiyoweza kufanya haya inaomba zaidi ya haki yake.

Na wewe unayeamka usiku, usitoke nje peke yako kama nilivyokuwa nikitoka. Mwamshe mkeo, ndugu yako, au mama. Mwambie unachokiona. Ukisali, sali na mtu. Mimi nilibebwa na mke, wazazi wawili, maalim, na mama mmoja wa Songea ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kunipenda. Wa kwako wapo. Alhamdulillahi kwa hawa wangu, na Mungu awarudishe salama wote walio mbali.