Risasi si ya bunduki tu

Wadau, hapa Ziwa la Ng'ombe mjomba wangu huyeyusha risasi ya betri mbovu za gari, akawamiminia wavuvi machubwi ya mishipi. Msaidizi wake ni mimi. Chubwi likitoka na makunyanzi, ananiambia, "Kalibu baridi hiyo, ipashe moto." Risasi ikiruka, "Kuna maji humo, kausha kwanza." Kila tatizo ana dawa yake.

Isipokuwa lile lisiloonekana. Tunayeyushia uani, watoto wanacheza pembeni, tukimaliza tunashika mahamri bila kunawa. Vumbi lile na moshi ule vinaingia mwilini, na kwa mtoto vinaharibu ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama.

Na si mambo ya mbali. Owino Uhuru, hapo Mikindani, watu waliugua kwa sumu ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Wakapigania haki miaka, hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia fidia yao ya shilingi bilioni 1.3. Sasa sisi, uani kwetu, tutamshtaki nani?

Nilimwambia mjomba. Akacheka: "Mimi nayeyusha tangu hujazaliwa, nimekufa?"

Nikamuuliza, "Na huyu mjukuu wako je, mjomba?"

Akanyamaza. Wiki hii sufuria haijapanda mekoni. Tunajaribu vipande vya nondo. Ni vyepesi, wavuvi wanalalamika. Ila bora lawama. Kwenu mnatumia nini?